Leso mbili za Kibuye zilizonivusha siku 11 Bangkok

Nianze na bidhaa yenyewe. Ni doti moja ya leso, pamba tupu, mji wa zambarau na pindo jeusi lenye maua meupe, jina lake "Wema hauozi". Niliinunua kwenye soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili moja mwezi wa Oktoba kwa shilingi 700, nikamlipa fundi wa cherehani aliye jirani shilingi 60 aikate katikati na kupinda ncha zote. Siku hiyo hiyo nilichukua viatu vya kitambaa visivyo na kamba, vile vyeusi tunavyoviita ngoma, kwa shilingi 450. Mwezi uliofuata nilivitumia vyote Thailand kwa siku 11 mfululizo, kwenye jua, mvua na maji ya mfereji, kwa hiyo ninachosema hapa nimekiona.

Mjue pia kwamba mimi mwenyewe ni mchuuzi wa Kibuye. Nauza nguo za watoto, siuzi leso, na kijana aliyeniuzia hakunipunguzia hata shilingi kwa sababu ya ujirani.

Safari ilikuwa ya biashara. Chama chetu cha wanawake wanne kilichanga kwa miaka miwili, tukakubaliana wawili waende Bangkok kuangalia nguo za watoto kwenye maduka ya jumla ya Pratunam, badala ya kungojea mzigo uliokwisha pita mikononi mwa watu watatu Nairobi. Waliotutangulia walitushauri mengi: bei ya mzigo kwa kilo, mahali pa kubadilisha dola, mahali pa kula. Habari za mwili hakuna aliyezigusa. Na Thailand, ambako zaidi ya watu tisa katika kila kumi ni Wabuddha, heshima inaonekana kwanza mwilini: mabega yamefunikwa au la, nyayo zimeelekea wapi, nani amegusa kichwa cha nani. Kichwa ndicho sehemu iliyotukuka, miguu ndiyo ya chini kabisa. Kwa hiyo hupapasi kichwa cha mtoto wa mtu hata akiwa mzuri namna gani, na hunyooshi miguu kumwelekea mtu, sembuse sanamu ya Buddha. Mimi huku Kibuye kila mtoto anayekuja kujaribu sweta nampapasa kichwa. Siku mbili za kwanza ilinibidi nitembee nimeshikilia mkoba kwa mikono yote miwili.

Wazo la leso lilitoka kwa binti yangu. Aliniambia, "Mama, kule mahekaluni huwezi kuingia mabega wazi wala magoti wazi, na wewe joto hulipendi. Beba leso." Nikaenda.

Sasa ununuzi wenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Leso nyingi zinazoning'inia sokoni siku hizi zimechanganywa nailoni. Zinang'aa, rangi ni kali, lakini mgongoni zinakupika na begani zinateleza kila unapoinama. Kijana wa leso alichomoa uzi kwenye ncha akauwasha kwa kiberiti mbele yangu. Ukaungua kama karatasi, ukaacha jivu jepesi. "Mathe, ingekuwa nailoni ingeyeyuka ikanata kidoleni," akaniambia. Mwombe muuzaji wako akufanyie hivyo, na akikataa nenda kibanda kinachofuata. Palikuwa na doti nyingine nzuri kuliko hii, ya rangi ya machungwa yaliyoiva, na kijana aliisifia sana. Niliiacha kwa kuwa hiyo ndiyo rangi ya majoho ya watawa wa huko. Sikuambiwa na mtu kwamba ni marufuku kwa mgeni. Nafsi yangu tu haikutaka.

Nyumbani niliziloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Zambarau haikutoka. Jeusi lilitoka kidogo kwenye maji ya kwanza, kisha likatulia.

Hapa niseme jambo ambalo sikulijua, na ndilo litakalokufaa kuliko yote. Usizichukulie leso mbili kuwa ni kitu kimoja. Usiku wa pili nilifua ile niliyokuwa nimejifunga kiunoni, nikaianika kwenye kamba ya juu pale veranda ya gesti, watu wanapopita. Asubuhi nikaikuta imeshushwa, imetandazwa vizuri kwenye kiti. Mama wa usafi akanionyesha kwa mikono: akagusa kiuno chake, akainua mkono juu ya kichwa, akatikisa kidole taratibu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Dada wa mapokezi akanifafanulia kwamba kwa desturi za wazee wao, vazi la mwanamke la kuanzia kiunoni kwenda chini halianikwi mahali ambapo watu, hasa wanaume, watapita chini yake. Bibi yangu kule Luanda yetu ya Kenya angemwelewa mama yule bila mkalimani. Tangu asubuhi hiyo leso moja ikawa ya juu, ya mabega na kichwa dhidi ya jua, na nyingine ikawa ya chini, ya kiuno na ya kukalia. Ya chini niliishona uzi mwekundu pembeni ili nisichanganye. Wewe mwambie fundi wako aweke alama hiyo kabla hujaondoka.

Jaribio la kwanza la kweli lilikuwa Wat Pho, hekalu la Buddha aliyelala. Kiingilio kilikuwa baht 300, baht ndiyo pesa ya huko. Sanamu ina urefu wa mita 46, imefunikwa dhahabu, na imelala ubavu ndani ya jengo ambalo limeibana hivi kwamba huioni yote kwa mara moja. Unaona uso, kisha kifua, kisha unatembea, unatembea, ndipo ufike nyayoni. Nyayo hizo zimenakshiwa kwa lulumizi michoro 108 ya baraka. Upande wa nyuma kuna vibakuli vya shaba 108 vimepangwa mstari, watu wanaangusha sarafu kimoja baada ya kingine, na mlio wake unajaza jengo zima. Unavua viatu mlangoni na unavibeba kwenye mfuko. Kizingiti unakivuka, hukikanyagi. Nilikuwa na sketi ya magotini na blauzi nyepesi, leso ya chini kiunoni, ya juu mabegani, na hakuna aliyenisimamisha.

Kwenye jumba la ibada ndani ya ua huohuo watu walikuwa wameketi sakafuni, nami nikaketi. Miguu inakunjwa upande na nyayo zinaelekezwa nyuma, mbali na sanamu, vile vile tulivyofundishwa wasichana kukaa kwenye mkeka. Leso ndefu inasaidia hapo maana inafunika miguu yote hadi vidoleni. Sketi yangu peke yake isingetosha.

Najua swali ambalo wenzangu wa kanisani wanalo, kwa kuwa hata mimi nililibeba hadi mlangoni: nikivua viatu, nimeabudu? Shangazi zangu wawili ni wa dini ya Roho, kanisa la Kikristo la huku kwetu, na tangu utotoni nimewaona wakivua viatu kabla ya kuingia kanisani, majira ya baridi na majira ya tope. Nilipoinama kuvua ngoma zangu pale Wat Pho niliwakumbuka wao. Hakuna mtu aliyeniomba nifukize ubani wala nisujudu. Walichotaka ni nisikae kama niko stendi ya matatu. Mimi nilikaa kimya robo saa nikawaombea wanangu kwa Mungu wangu, nikatoka na amani.

Sasa upungufu. Kwenye Kasri Kuu la kifalme, ambalo ndani yake kuna hekalu la Wat Phra Kaew, leso ya mabega haikutosha. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, wakati wa kufungua, nikiwa na blauzi isiyo na mikono na leso nimejitanda. Mlinzi akanionyesha ubao wenye picha za mavazi, kwa upole. Pale kujitanda kitambaa juu ya mabega wazi hakukubaliki. Wanataka mkono ulioshonwa. Nikarudi ng'ambo ya barabara nikanunua fulana kwa baht 200, pesa ambazo zingebaki mkobani kama ningebeba blauzi moja ya mikono kutoka nyumbani. Leso ya kiunoni ilipita bila swali. Kwa hiyo weka hili akilini: leso ni ya mahekalu mengine, lakini siku ya Kasri Kuu vaa mikono. Kiingilio hapo ni baht 500 na mwisho wa kuuza tiketi ni saa tisa na nusu alasiri.

Nilipokuwa nikivuka barabara bwana mmoja aliyekuwa kando ya tuktuk alinifuata akasema kasri limefungwa kwa ibada hadi mchana, twende kwanza akanionyeshe hekalu lingine kwa bei ya chini. Kumbe nilikuwa nimetoka langoni dakika tano zilizopita! Mtu yeyote akikuambia barabarani kwamba pamefungwa, nenda hadi langoni umuulize mlinzi.

Ndani ya Wat Phra Kaew yuko Buddha wa Zumaridi, sanamu ndogo ya jiwe la kijani, urefu wake kama sentimita 66, imewekwa juu sana kwenye kiti cha dhahabu. Picha haziruhusiwi. Lililonishika mimi ni kwamba sanamu hiyo ina mavazi matatu ya dhahabu: la msimu wa joto, la mvua na la baridi, na mfalme ndiye anayesimamia kubadilishwa kwake mara tatu kwa mwaka. Miaka 19 nimeishi kwa kuvalisha watu. Nilikaa pale sakafuni nikiliangalia vazi lile hadi mwenzangu akaja kunivuta mkono.

Viatu. Ngoma zinastahili sifa kwa jambo moja, nalo ni kubwa: zinavuliwa na kuvaliwa bila mikono. Siku ya mahekalu unavua mara kumi na zaidi, na hata baadhi ya maduka na nyumba za watu ni hivyo hivyo. Mwenzangu alikuwa na raba za kamba. Kufikia siku ya tatu alizikanyaga visigino akazigeuza ndara. Lakini gundi ya ngoma ni dhaifu. Siku ya tisa tulinyeshewa, soli ya kulia ikaachia mbele, nikamalizia safari nikiifunga kwa mpira wa nywele. Zishonwe ukingoni kabla ya safari, fundi viatu yeyote pale Kibuye atakushonea. Ubebe na soksi pia. Saa sita mchana sakafu za mawe nje ya mahekalu zinaunguza kama bati la paa, na soksi haziudhi mtu.

Leso ilitusaidia hata mahali ambapo hapana hekalu. Kutoka Pratunam tulipanda boti za mfereji wa Saen Saep hadi kituo cha mwisho, Phan Fa, karibu na Mlima wa Dhahabu, hekalu la juu ya kilima lenye ngazi zaidi ya 300. Boti zile hukimbia, na maji ya mfereji si ya kuyaonja. Tulijifunika leso ya chini sote wawili. Kwenye boti za mto mkubwa, Chao Phraya, kuna sehemu ya watawa imeandikwa wazi. Mwanamke haketi karibu na mtawa wala hamgusi, hata kwa bahati mbaya, kwa sababu kiapo chake hakimruhusu. Ukitaka kumpa kitu, yeye hutandika kitambaa nawe ukakiweka juu, au unampa mwanamume ampe. Mtawa akipita kwenye njia nyembamba, mpishe.

Jambo hilo ndilo lililonitia hofu asubuhi ya saba. Karibu na gesti yetu kulikuwa na mama anayeuza vifurushi vya sadaka: wali, mchuzi kwenye mfuko wa plastiki, chupa ya maji, maua. Kila siku saa kumi na mbili watawa hupita pekupeku na mabakuli yao. Chakula hicho ndicho watakachokula, na ikifika saa sita mchana wanaacha kula hadi kesho. Nilikuwa nimemsalimia mama huyo kila asubuhi, mikono imekutana kifuani, "sawasdee kha", naye akaniitikia hivyo hivyo. (Mwanamume husema "khrap" badala ya "kha".) Siku hiyo akaniita kwa mkono. Nikanunua kifurushi kimoja. Nikavua ngoma, nikatandika leso yenye uzi mwekundu kando ya barabara, nikapiga magoti. Kwetu tulipiga magoti kumnawisha mgeni maji, kwa hiyo magoti yangu yalijua kazi yao. Mtawa alikuwa kijana, labda umri wa mwanangu wa mwisho. Hakuniangalia usoni. Nikaweka wali ndani ya bakuli bila kugusa ukingo wake, akaimba maneno machache ya baraka, akaenda.

Tulipoinuka mama yule akagusa ncha ya leso ya mabegani mwangu, akaonyesha maandishi, akanipa simu yake yenye programu ya kutafsiri. Nikaandika kwa Kiingereza jinsi nilivyoweza: wema hauozi. Akasoma. Akasoma tena. Akaweka kiganja kifuani pake akasema neno moja, "bun". Dada wa mapokezi aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo neno lao la thawabu, ile mtu anayojiwekea kwa kutoa kama tulivyotoa asubuhi ile.

Kwa wachuuzi wenzangu, neno la biashara. Mtaona fulana, mikoba na mapambo yenye kichwa cha Buddha, bei ni nzuri na huku yangetoka haraka. Mimi sikununua hata moja. Njiani kutoka uwanja wa ndege kuna mabango makubwa yanayowaambia wageni kwamba Buddha si pambo, na baada ya kupiga magoti na yule mama nisingeweza kuyatundika kando ya sweta za shule. Sanamu nazo haziruhusiwi kutolewa nchini bila kibali cha Idara ya Sanaa ya huko, isipokuwa hirizi ndogo za mtu kuvaa mwenyewe. Na noti zao zina sura ya mfalme. Ikikuponyoka na upepo ukaipeperusha, usiizuie kwa mguu. Kumtukana mfalme ni kosa la jinai, kifungo chake huanzia miaka mitatu hadi 15, kwa hiyo mazungumzo hayo yaacheni kabisa. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa hadharani, watu husimama. Simama nao.

Karatasi nazitaja kwa haraka. Viza niliiomba mtandaoni. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya, na inahesabiwa baada ya siku 10 kupita, basi usiende kuchanjwa wiki ya safari. Cheti kinadumu maisha yote. Kikague pamoja na aliyekuandikia kabla hujatoka mlangoni: mimi waliniandikia namba ya pasipoti ikiwa na tarakimu moja pungufu, nikarudi kesho yake. Fomu ya kuingia nchini hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, tangu Mei 2025, na haina malipo. Ukiona tovuti inakudai dola, si yenyewe.

Chakula kisikutishe. Samaki wetu yuko! Ni tilapia wa mto Nile, mwaka 1965 mwanamfalme Akihito wa Japani alimpelekea mfalme Bhumibol wa Thailand samaki 50, na leo wanafugwa nchi nzima. Wanampaka chumvi nje, wanamjaza mchaichai tumboni, wanamchoma mzima. Mimi nimelelewa kwa samaki wa Dunga, ufuo wa ziwa pale Kisumu, na nilimaliza hadi kichwa. Ugali haupo.

Kwa jumla leso naipa nyota nne na nusu, nusu imepotelea pale kwenye lango la Kasri Kuu. Ngoma nyota tatu. Kijana wa Kibuye nyota tano kwa ukweli wake wa kiberiti. Fundi wa kupinda nne, maana ncha moja ilifumuka siku ya tano.

Jumapili iliyopita nilirudi kwa kijana yule. Doti yangu haijakamilika tena, kwa sababu siku ya kuondoka nilimwachia leso moja mama wa vifurushi, naye akaikunja akaiweka juu ya rafu karibu na picha za wazazi wake. Nilimpa ile ya juu. "Wema hauozi" ya zambarau ilikuwa imekwisha, nikachukua ya kijani. Iko kwenye beseni ya chumvi sasa hivi.